Ongeza Kidogo, Fundi

Siku Mama alipokubali hatimaye kuja kumwona mwanamume niliyetaka kuolewa naye, aliingia ukumbini saa tisa mchana, mkoba kaubana kifuani kama anapita penye vibaka, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Huyo mwenye madude masikioni ndiye?"

"Ndiye, Mama."

"Mbona hatutazami?"

"Yuko kazini."

"Na mimi nilikuwa kazini. Nimeacha sketi kumi na mbili za shule hazijapindwa." Mama ni fundi cherehani, na hesabu ya muda anaifanya kwa sketi.

Nyuma yake alikuja Mjomba, kaka yake, mwalimu mstaafu, ambaye tangu Baba afariki ndiye anayesimama mahali pake katika mambo ya familia. Alizitazama spika zilizopandana mpaka karibu na dari.

"Haya ni makabati?"

"Spika, Mjomba."

"Basi leo hakuna kuongea. Vizuri, dada yangu atapumzika."

Mama hakucheka. Niliwatafutia viti kando ya ukuta, nikarudi kwenye meza yangu.

Meza yangu iko mwisho wa ukumbi, ikitazamana na jukwaa. Mimi ndiye fundi mitambo. Kila sauti inayotoka mle ndani inapita kwanza chini ya vidole vyangu, na miaka mitatu yote ya mapenzi yetu ilipita hapohapo, juu ya vichwa vya watu mia tatu wanaocheza. Yeye jukwaani, mimi huku. Watu walimwita Dobi, kwa sababu kabla ya udijei alifua mashuka ya hoteli, na kwa sababu akiunganisha nyimbo mbili huoni pindo. Mimi aliniita Fundi. Akiinua kidole kimoja, nilijua anataka niongeze monita, ile spika ndogo iliyo miguuni pake inayomsikilizisha yeye peke yake. Usiku alikuwa akinitania kwa maneno hayohayo. Nikimwambia nampenda, anasema, "Ongeza kidogo, Fundi." Nami naongeza.

Lakini miezi ya karibuni mambo yalikuwa yameharibika, na sikujua yameharibikia wapi.

Kwanza ilikuwa ile aibu ya posa. Mjomba alimpigia simu mwenyewe, wakapanga siku. Jumapili tukapanga viti, tukavaa, tukangoja mpaka chai ikapoa mara mbili. Hakuja mtu. Jumatatu jioni ndipo alipofika, suti imenyooka, kiatu kinang'aa, akabisha kwenye nyumba ambayo kila mtu ametoka. Majirani walicheka wiki nzima. Mama alisema mwanamume asiyejua siku ya kuposa hatajua hata siku ya kurudi nyumbani.

Kisha muziki wake ukabadilika. Dobi niliyempenda alikuwa mtu wa nyimbo za kuimba, zile ambazo mwanamke analia mpaka unatamani kumpa leso. Sasa alipiga tekno tupu. Tena si ile ya kuchangamsha. Nzito, nyeusi, haina neno hata moja, inakwenda mbele tu kama gari moshi ndani ya handaki. Meneja alikwisha kumwonya mara mbili. Siku moja nikamwuliza, "Umekasirika na nani?"

"Sijakasirika. Nimechoka na maneno."

Nilirudi nyumbani nikalala macho wazi, maana mimi ndiye mwenye maneno.

Kwa ajili ya leo alikuwa ameniahidi. "Mwanzo mpaka mwisho nitapiga za kuimba, kwa heshima ya Mama." Na saa nzima ya kwanza alitimiza. Wimbo ulifuata wimbo, wapenzi wakashikana viuno, na niliona kwa macho yangu kidole cha Mama kikigonga mkoba. Nikaanza kupumua.

Dobi akainua kidole. Nikaongeza monita. Baada ya nyimbo mbili akainua tena, nikaongeza. Mara ya nne taa ya monita kwenye meza yangu ilikuwa nyekundu, haizimi. Alinitazama kwa mbali, ule mtazamo wake wa siku hizi, anaoukazia midomoni mwangu, nami nikaona haya kama msichana wa shule. Nikaongeza.

Ndipo nikamwona anainama, anaweka "Kisima."

Kisima ni wimbo alioutengeneza mwenyewe. Ngoma moja nzito inayopiga kama nyundo inayosikika kutoka chini ya ardhi, na juu yake mlio wa chuma kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji, dakika tisa nzima. Nilishika kichwa. Mama yangu yuko ukutani, na huyu mtu anataka kumshushia Kisima.

Kuingiza wimbo mmoja ndani ya mwingine ni kazi ya masikio mawili. Sikio moja linasikiliza ule unaochezwa kwa watu, jingine linasikiliza kwenye hedifoni ule unaosubiri. Unauharakisha au kuuchelewesha ule wa pili mpaka hatua zao zilingane. Kisha unatoa besi ya wa kwanza, unaingiza ya wa pili, na mchezaji anajikuta amehamia nyumba nyingine bila kujua alipita mlango gani. Dobi alikuwa akiifanya kazi hiyo huku anakula ndizi.

Siku hiyo Kisima kiliingia kimechelewa. Ngoma ya mapenzi inasema ta, Kisima kinajibu nyuma yake, ta-tah, ta-tah, kama mtu anayechechemea kwenye ngazi. Besi zote mbili zilikuwa juu, zinakabana koo. Wachezaji wakasimama. Mjomba akaziba masikio. Kila dijei duniani hukosea, na akikosea utaona uso wake umeshtuka. Mimi nilimtazama Dobi usoni, na Dobi alikuwa anatabasamu.

Alidhani imekaa sawa.

Niliacha meza, nikapenya katikati ya watu, nikapanda jukwaani kwa nyuma.

"Dobi! Zimeachana!"

Hakugeuka.

"Dobi!"

Nilikuwa hatua moja kutoka mgongoni pake. Hedifoni iliyokuwa sikioni mwake ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba nilikisikia Kisima chote kutoka hapo nilipokuwa, na monita miguuni ikatikisa sketi yangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya meza, kiganja wazi, vidole vimeachana, kama anavyofanya mtu anayepima homa ya mtoto.

Sikufikiri. Niliweka mkono mgongoni pake, nikaanza kumpigia mpigo wa ule wimbo ambao watu walikuwa wanausikia. Moja, mbili, tatu, nne. Alishtuka. Kisha mwili wake wote ukatulia chini ya kiganja changu. Nilimwona anaelewa. Kidole chake kikagusa Kisima, akakisukuma kidogo, akakisukuma tena, mpaka nyundo ile ikaanza kuangukia palepale nilipompiga. Akatoa besi ya wimbo wa mapenzi. Sauti ya mwimbaji ikabaki inaelea peke yake, nyembamba, haina pa kukanyaga. Akaiacha ielee, ikaelea, halafu akafungua besi ya Kisima yote kwa pamoja.

Ukumbi ulizama. Sijui niseme vipi. Ilikuwa mchana, jua linaingia kwenye matundu ya madirisha, lakini watu mia tatu walizama na wakapiga ukelele. Walianza kucheza kwa vifua, wapenzi wakaachana viuno, kila mtu peke yake, macho chini. Ulikuwa muungano mzuri kuliko wote aliowahi kufanya.

Na mimi nilikuwa nalia, kwa sababu nilikuwa nimeelewa.

Nilimvuta mpaka stoo ya nyuma ya jukwaa, nikafunga mlango. Mle kuna dirisha moja, waya zilizoviringishwa na viti vilivyovunjika. Ngoma ilipita ukutani.

"Kuna nini?" akauliza, macho midomoni mwangu. "Mbona unalia? Wamependa!"

Nikampa mgongo. Nikatazama ukuta, na kwa sauti yangu ya kawaida nikasema, "Dobi, nimepata mwanamume mwingine."

Nikahesabu mpaka nne.

"Nampenda. Tunaoana mwezi ujao."

Nilipogeuka alikuwa amesimama vilevile, anatabasamu, anangoja nigeuke.

"Tangu lini?" nikamwuliza, nikitamka polepole.

Tabasamu likafa. Alikaa juu ya boksi la waya.

"Daktari aliniambia miezi minane iliyopita. Sikio la kulia limekwisha. La kushoto linafuata. Akasema niiache kazi hii siku ileile."

"Na hukuiacha."

"Ningeiacha nikafanye nini? Nikafue mashuka? Nimwambie mjomba wako naposa kwa mashuka?"

"Miezi minane, Dobi! Nakaa na wewe, nakula na wewe, nakwambia mambo yangu yote!"

"Nilikuwa nayasoma. Midomo yako naijua. Wewe naweza kukusoma hata kwa mbali, ndiyo maana nilikuwa nakutazama sana."

Nami nilidhani ni mapenzi.

"Na hii tekno?"

"Sauti za juu ndizo zinazotangulia kuondoka. Waimbaji wanawake walikwenda kwanza. Naona mtu anacheza, machozi yanamtoka, mimi nasikia kama mbu nyuma ya pazia. Ngoma nzito bado naipata, kwa miguu, kwa mbavu. Kisima nimekitengeneza kwa vitu ninavyovisikia tu, Fundi. Humo ndani hakuna kitu cha kubahatisha. Ndio muziki uliobaki." Akauelekeza mkono ukumbini. "Leo nyimbo za Mama nilizipanga kwa saa ya ukutani, kila moja najua inaisha dakika gani. Saa nzima nimepiga nisichokisikia. Nikachoka. Nikataka kusikia kitu kimoja tu cha kwangu."

"Na sauti yangu?"

Akatazama mikono yake.

"Dobi, sauti yangu?"

"Ilikwenda kabla ya mvua kuanza."

Mvua ilikuwa imeanza miezi mitatu nyuma. Nilikaa chini, sakafuni, na ndipo jambo jingine likanipiga, zito kuliko la kwanza.

"Monita," nikasema. "Kila Jumamosi unainua kidole. Mimi ndiye niliyekuwa naongeza."

"Hukujua."

"Wewe ulijua! Daktari amekwambia kelele ndiyo inayokuua masikio, wewe unainua kidole, na mimi kwa mkono wangu huu naongeza! Ulitumia mkono wangu, Dobi. Kwa nini hukumtafuta mtu mwingine wa kukuharibia?"

"Kwa sababu mwingine angeniuliza kwa nini," alisema. "Wewe ulikuwa unanipa tu."

Nilimpiga. Nilimpiga begani, kisha kifuani, si kwa nguvu, na yeye akaniacha nimpige mpaka mkono ukachoka.

Mlango ukafunguliwa. Mama alisimama pale ameziba pua na mdomo kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi la stoo, Mjomba nyuma yake. Dobi aliruka kusimama, akajifuta uso kwa shati.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," akasema Mjomba. Mama alimkagua kuanzia viatu kwenda juu, kama nguo aliyoletewa kurekebisha.

"Kijana," akasema ndani ya kitambaa, "sikuja hapa kwa ngoma. Nina swali moja tu. Unampenda binti yangu?"

Nilimwona Dobi anatafuta midomo ya Mama, anakutana na kitambaa. Nilifungua kinywa kumsaidia. Sikuwahi.

"Tunafunga saa kumi na mbili, Mama," akasema kwa adabu, ameinamisha kichwa.

Mjomba alicheka. Alicheka peke yake, kisha akaniona uso, akanyamaza. Akamtazama Dobi kwa muda, jicho la mwalimu aliyekaa na wanafunzi miaka thelathini na tano.

"Jumapili," akasema taratibu. "Kwenye simu nilisema Jumapili. Yeye alisikia Juma tu, iliyobaki akakisia." Akavua kofia. "Maskini. Nami nilimwita mhuni."

Mama alishusha kitambaa. Hakumwuliza Dobi kitu tena. Alinishika mkono, akanisogeza dirishani, akampa Dobi mgongo.

"Baba yako alipooza ulikuwa darasa la pili," akaanza. "Miaka kumi na mmoja. Nilikuwa mikono yake, nikawa miguu yake, mwisho nikawa mpaka ulimi wake. Nilimpenda baba yako, usiniulize kiasi gani. Na kuna asubuhi nilikuwa naamka naomba awe amekufa. Halafu nakwenda kumsafisha, ananiambia asante kwa macho. Unajua inavyouma, kuambiwa asante na mtu uliyetoka kumwombea kifo?"

"Mama, huyu ni masikio tu."

"Leo ni masikio. Kesho hatakuwa na kazi. Keshokutwa atakuwa na hasira, maana wanaume wakiona aibu wanaigeuza hasira. Utakuwa masikio yake sokoni, hospitali, shuleni kwa watoto. Utakuwa unamwambia watu wanacheka nini. Mimi niliingia bila kujua. Wewe unaona shimo kwa macho yako. Usinifanyie hivyo. Nakuomba mimi mama yako, usinifanyie hivyo."

Sikuwa nimewahi kumsikia Mama akiomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Mama anasema nini?" akauliza Dobi nyuma yetu.

Niligeuka. "Anasema umepiga vizuri."

Akanitazama midomoni.

"Midomo yako ikidanganya inakuwa mikavu," akasema. "Mwambie nimekubaliana naye."

"Hujui alichosema!"

"Ningekuwa na binti ningesema hivyohivyo." Alichukua hedifoni yake. "Kisima kina dakika moja imebaki. Nina saa moja ya kumaliza. Baada ya hapo nenda nyumbani na Mama, Fundi. Usinifuate."

Akapita katikati ya Mama na Mjomba, akarudi jukwaani.

Nilirudi kwenye meza yangu kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Niliwaona Mama na Mjomba wakirudi kwenye viti vyao ukutani. Walikuwa wananingoja niage. Jukwaani Dobi alikuwa amekwisha kuweka wimbo mwingine wa giza, mzito kuliko Kisima. Alizungusha kitufe kimoja, akasikiliza, uso umekunjamana.

Akainua kidole.

Nilitazama kidole kile kupita juu ya vichwa vyote. Mikono yangu nikaiweka mapajani.

Akakiinua tena, juu zaidi. Kisha akafanya kitu ambacho hajawahi kunifanyia kazini: aliviunganisha viganja, akaniomba.

Nikashika swichi ya monita, nikaishusha mpaka chini kabisa.

Aliinama akaipiga ile spika kwa kiganja. Akaangalia waya. Halafu akainua kichwa, akanitazama, akajua. Sijawahi kutazamwa hivyo tena maishani mwangu. Haikuwa hasira, hasira ningeiweza. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukariri sura.

Akavua hedifoni. Akaiviringisha waya yake vizuri, mzunguko juu ya mzunguko, kama nilivyomfundisha mimi, akailaza juu ya mashine. Wimbo ulikuwa bado unakwenda. Akashuka ngazi za pembeni, akaanza kutembea kandokando ya ukuta kuelekea mlango mkubwa.

Nilizima kila kitu. Kwa pigo moja muziki wote ulikatika, watu mia tatu wakabaki mguu mmoja juu, wanalalamika. Nikanyakua maiki ya matangazo, nikaifungua mpaka mwisho.

"Dobi!"

Sauti yangu ilirudi kutoka kila ukuta. Watu wakageuka wote. Aliendelea kutembea.

"Dobi, simama! Kazi hii iache, mimi sitaki dijei. Nitajifunza kuongea kwa mikono. Nitakuandikia ukutani kama ni lazima. Na kama wewe hutaki kunioa, mimi nitakuoa!"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Mtu akapiga mluzi. Msichana mmoja mbele yangu akaanza kulia. Wote walikuwa wamesikia, mpaka muuza vinywaji nje alichungulia dirishani. Na yeye alifika mlangoni, akausukuma, mwanga ukaingia ukamkata nusu, akatoka. Hakugeuka. Sikujua kama hakusikia, au alisikia akakataa.

Niliangusha maiki. Watu walinipisha, lakini njia ya mlangoni ilipita kwenye viti vya ukutani, na Mama alikuwa amekaa pale mwanzo kabisa, magoti yanamsumbua, miguu ameinyoosha mpaka katikati ya njia. Nilisimama mbele yake nikihema. Mjomba alitazama kofia yake. Mama aliinua macho, yamejaa maji.

Kisha akavuta miguu yake chini ya kiti, nikapita.